Shangazi Hajafungua Kikundi

Kikundi kilifungwa jioni kama kawaida, ila asubuhi hakikufunguliwa. Wazazi zaidi ya mia tatu waliamka, wakashika simu kabla hata ya kunawa uso, wakakuta maneno yale yale ya jana: wasimamizi pekee ndio wanaoweza kutuma ujumbe. Na msimamizi alikuwa mmoja tu, mwanamke waliyemwita Shangazi.

Utaratibu huo wa kufunga ulikuwa wake mwenyewe. Kilikuwa kikundi cha wazazi wenye watoto wa kifafa, na Shangazi alishaona kwamba giza likiingia watu hutishana. Huyu katuma video ya mtoto anavyotupa miguu, yule kasikia habari za mizizi inayoponya kwa wiki moja, na mzazi mgeni aliyeingia juzi analia mpaka kunakucha. Kwa hiyo jioni alifunga, na mwenye shida alimpigia yeye moja kwa moja. Asubuhi alifungua kwa sauti yake ile nene yenye mikwaruzo: "Haya wanangu, tumeamkaje?" Hapo kila mtu huandika, "Tumeamka salama," na asiyeandika hutafutwa hadi apatikane. Mara kadhaa walimwambia achague msaidizi. Alicheka tu, akasema hajazeeka kiasi hicho.

Siku zikapita, wote wakiwa ndani, midomo imefungwa, na mwenye ufunguo ameshazikwa. Hawakujua. Presha ilimwangusha Shangazi jikoni kwake alfajiri ile akisubiri maji yachemke, na hospitali alifika akiwa maiti. Ndugu wa mume walikuja, wakalia, wakala, wakaondoka. Katika wote hao hakuna aliyeambiwa habari za kikundi, kwa sababu hakuna aliyewahi kuambiwa habari za kifafa.

Aliyeficha ni mume. Kazi yake kinyozi, mwenye kibanda cha viti viwili na kioo kirefu, na watu walimpenda kwa mkono wake mwepesi na mdomo wake mwepesi zaidi. Binti yake wa pekee alianza kuanguka akiwa darasa la nne. Sasa yuko sekondari. Kwa ndugu, Kinyozi alisema mtoto ana kipandauso. Kwa wateja hakusema kitu. Siku moja dereva wa lori, povu la sabuni likiwa limemjaa kidevuni, aliigiza jinsi utingo wake alivyoanguka kando ya barabara akatetemeka. Alitikisa kiti, akageuza macho, kibanda kizima kikavunjika mbavu. Kinyozi naye alicheka, tena kuliko wote. Jioni alipofika nyumbani akamkuta mkewe anamfuta binti mate mdomoni, alitoka akakaa nje hadi chakula kikapoa.

Hiyo ndiyo aibu aliyokuwa nayo kabla mkewe hajafa. Nyingine alijiongezea mwenyewe.

*

Simu ya marehemu aliiweka kabatini, chini ya mashuka. Iliita mchana kutwa. Binti alikuwa akisimama mbele ya kabati kama mtu aliyesikia mtoto analia nyumba ya jirani.

"Baba, wanapiga tena."

"Waache. Watachoka."

"Hawawezi kuchoka. Hawajui. Nimesoma meseji, kuna mmama anaomba msamaha, anadhani mama amefunga grupu kwa sababu yake. Walibishana siku ile. Na yule muuza mizizi aliyefukuzwa na mama anawaandikia mmoja mmoja. Wengine wameshanunua."

"Nani amekuruhusu kushika hiyo simu?"

Binti aligeukia kabati. Baadaye akasema, taratibu, "Tuwaambie tu, baba. Neno moja. Mama amefariki."

"Halafu? Watakuja hapa. Watajaa hapo uani, majirani waulize hawa ni akina nani, wanatoka chama gani. Utawajibu nini?"

"Nitawajibu ukweli."

"Wewe bado mtoto," alisema Kinyozi, na hilo lilikuwa jibu lake kila alipokosa jibu.

Wala hakuwa mtu mkatili, tusimwonee. Alimpikia binti uji kila asubuhi, tangu mkewe afe, na ulikuwa na madonge lakini alipika. Alimpenda. Alichoshindwa ni kumpenda mbele za watu.

*

Kilichoitoa simu kabatini ni vidonge. Vya binti vilikuwa vinaelekea kuisha, na Kinyozi akaenda duka la dawa na boksi tupu mkononi. Kulikuwa na foleni. Muuzaji alilitazama boksi, akatikisa kichwa.

"Hizi zimeadimika mji mzima, mzee. Anameza za nguvu gani? Maana hapa pamechanika."

"Zile za kawaida."

"Kawaida ipi? Na kwa siku anameza mara ngapi?"

Kinyozi alilikuna shavu lake. "Nadhani asubuhi. Asubuhi na jioni."

"Unadhani?" Muuzaji hakusema kwa ubaya, ila alisema kwa sauti ya kazini, na foleni nzima ikasikia. "Huyu ni mwanao au umetumwa?"

"Ni… nimetumwa," alisema Kinyozi.

Alitoka na boksi lake. Nyuma yake mama mmoja akasema wanaume wa siku hizi ukiwatuma chumvi wanaleta sukari, watu wakacheka kidogo, na Kinyozi alitamani ardhi ipasuke immeze na kiatu chake. Alikuwa amemkana binti yake dukani kwa sababu ya swali la vidonge.

Nyumbani alifungua kabati. Wenye vidonge vya akiba walikuwa humo ndani ya simu; hilo alilijua, maana mkewe kila dawa ikiadimika alikuwa akiuliza kwenye kikundi na kabla ya jua kuzama zimepatikana. Binti alimwonyesha jinsi ya kufungua, akaenda kuanika nguo akiwa na moyo mweupe, akijua leo baba anasema.

Na kweli alianza hivyo. Aliandika, "Kwa masikitiko makubwa," akafuta. Akaandika, "Mimi ni mume wa Shangazi," akafuta hilo pia. Mume yupi? Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kusikia hata kikohozi chake. Atatokeaje leo, mkewe ndani ya kaburi, na neno lake la kwanza liwe naombeni vidonge? Wataanza kumuuliza alikuwa wapi.

Akaandika: "Haya wanangu, tumeamkaje? Nilikuwa mgonjwa. Sauti imekauka kabisa, nitakuwa naandika tu."

Akafungua kikundi.

Simu ilitetemeka mezani mpaka ikasogea. Tumeamka salama Shangazi! Tumeamka salama mama yetu! Jamani tulikufa humu ndani! Mmoja alituma sauti akilia na kucheka kwa pamoja. Kinyozi alisoma yote mdomo wazi. Hakuwahi kusubiriwa hivyo maishani mwake, na hata sasa hakuwa yeye aliyesubiriwa.

Akaomba vidonge. Mchana uleule kijana wa pikipiki alivileta kibandani, na pamoja navyo chupa ya asali. Mzazi aliyevituma alikuwa ameandika kwenye karatasi: ya koo la Shangazi.

Binti alipoiona chupa mezani jioni ile, alisoma karatasi mara mbili. "Mama anaumwa koo?" aliuliza.

"Nimewaambia kinachotosha tupate dawa."

"Baba. Umewaambia mama yupo?"

"Kesho nitawaeleza vizuri."

Vidonge alimeza, kwa sababu ilibidi. Asali hakuigusa.

*

Kesho haikufika. Ilikuwa inasogezwa mbele kila siku, na ubaya wa jambo lenyewe ni kwamba Kinyozi alianza kulipenda. Asubuhi alifungua, jioni alifunga. Alimtoa muuza mizizi aliyekuwa amejipenyeza tena, akapigiwa makofi. Aliwapa watu pole, akawaambia wasikate tamaa, na mdomo wake mwepesi ukapata kazi ya heshima. Binti alimwomba aseme, akamwomba tena, mwishowe akaacha kumsemesha zaidi ya salamu.

Jumamosi kibanda kilikuwa kimejaa. Kinyozi alikuwa amemnyoa mteja nusu kichwa simu ilipotetemeka mfukoni mwa aproni. Alikuwa mwanamke waliyemwita Mama Pacha, mwenye mapacha wa kiume, mdogo ndiye mgonjwa.

"Shangazi, mdogo ameanguka. Akatulia lakini hakuzinduka, akaanguka tena. Niko peke yangu na hawa wawili. Nimpeleke au nisubiri?"

Kinyozi alisoma akiwa ameshika mashine inayonguruma. Akakumbuka maneno aliyozoea kuyasikia akiwa nje ya mlango wa chumba cha binti yake, siku zile alipokuwa anakaa nje chakula kikipoa. Aliyaandika kama yalivyo kwa kidole gumba: "Mwache alale. Akiamka atakuwa sawa."

Akarudi kwenye kichwa cha mteja.

Maneno yalikuwa ya mkewe kweli. Ila aliyasema kwa mtoto aliyeanguka mara moja, akazinduka, akajua yuko wapi, akataka kulala. Kinyozi alikuwa nje ya mlango. Hakuona mkewe alivyokuwa akitazama saa, akimwita binti kwa jina na kungoja aitikie. Kila mzazi mpya aliyeingia kikundini aliambiwa na Shangazi jambo moja kabla ya yote: akianguka mara ya pili hajazinduka, hospitali, na usimuulize mtu. Mama Pacha alilijua hilo. Lakini alikuwa na hofu, alikuwa peke yake, na neno la Shangazi lilikuwa juu ya kanuni kwa sababu kanuni yenyewe ilikuwa yake.

Simu ikaita. Mama Pacha. Kinyozi aliitazama ikiita. Hangeweza kupokea, angepokea kwa sauti gani? Ikakatika, ikaita tena.

"Pokea bwana," alisema mteja wa kiti cha pili. "Huyo ana hamu na wewe."

"Kinyozi naye kumbe! Mke hata hajapoa kaburini!" alidakia mwingine, na kibanda kikacheka.

Kinyozi akacheka pamoja nao. Akaizima mlio, akairudisha mfukoni, akamaliza nusu ya kichwa iliyobaki. Mfukoni ilitetemeka tena na tena juu ya paja lake, kisha ikaacha.

Jioni aliuliza kwa maandishi mtoto anaendeleaje. Hakukuwa na jibu. Kesho yake asubuhi, Mama Pacha hakuandika kwamba wameamka salama. Watu wakamtafuta, ikajulikana yuko hospitali. Kinyozi aliandika, "Tumwombee," akaigeuza simu kifudifudi.

*

Mama Pacha alikuja mwenyewe baada ya kutoka hospitali, siku ambayo kibanda hakifunguliwi. Aliyetuma vidonge alimwelekeza mpaka kibandani, na mtoto wa jirani wa kibanda akamleta hadi mlangoni kwa mwenye kibanda. Binti ndiye aliyefungua. Alimkuta mwanamke mwembamba amembeba mgongoni mtoto mkubwa, wa umri wa kukimbia.

"Shikamoo mama. Karibu ndani."

"Marahaba mwanangu. Hapa ndipo kwa Shangazi?" Aliketi pembeni kabisa ya kochi, kama mtu aliyeambiwa asichafue. Alimpakata mtoto. Mkono wa kushoto wa mtoto ulikuwa umejikunja kifuani na haukufunguka, na alipoambiwa asalimie alihangaika na neno, likatoka nusu. "Daktari anasema mazoezi yatamsaidia. Kutembea anajaribu. Zamani alikuwa anaongea mpaka unamwambia nyamaza."

Kinyozi alitokea chumbani, akasalimia. Mama Pacha akainuka nusu kwa heshima.

"Shikamoo baba. Samahani kuwavamia. Koo la mama limepona? Sitamchosha. Nimekuja kumwomba radhi."

"Radhi ya nini?" aliuliza Kinyozi.

"Hospitali walinigombeza. Wakasema kwa nini nimemchelewesha, ningekuja mapema ubongo usingepata shida hivi. Nikawaambia kuna mtu alinishauri. Nikamtaja vibaya, baba, nisiwe mnafiki. Nilimtukana hata." Alifuta macho kwa mgongo wa kiganja. "Nikiwa pale wodini nikawaza, huyu mama amenishika mkono tangu mwanangu ana mwaka mmoja. Hajawahi kuniambia kitu kibaya. Lazima mimi ndiye niliyemweleza vibaya. Niliandika haraka haraka. Na simu hakupokea, ndiyo, lakini nilijua sauti hana, nikampigia tu kama mjinga. Kwa hiyo kosa ni langu. Nataka nimwambie kwa mdomo wangu."

Binti alikuwa amesimama karibu na mlango. Alimtazama baba yake, akaendelea kumtazama. Kinyozi aliangalia sakafu, akaangalia ule mkono mdogo uliojikunja, na kwa muda mfupi, ambao baadaye hakuweza kujisamehe kwa ajili yake, aliwaza kwamba angeweza kuzikubali radhi hizo. Mke wangu amelala. Nitamfikishia. Maneno yalikuwa tayari yamefika kwenye ulimi.

"Baba," alisema binti.

"Ni mimi," alisema Kinyozi.

Mama Pacha hakuelewa. "Ni wewe nini, baba?"

"Aliyekujibu siku ile. Nilikuwa kazini, nanyoa mtu. Simu iliita nikaiona. Sikupokea kwa sababu ungenijua."

"Na Shangazi?"

"Alishafariki."

"Lini?"

Alimwambia. Mama Pacha alirudisha siku nyuma moja moja, na uso wake ukabadilika polepole alipofika kwenye ile siku ya sauti kukauka, akaivuka, akafika kwenye ile asubuhi ambayo kikundi hakikufunguliwa. Hakupiga kelele. Kinyozi alitamani apige.

"Kwa hiyo siku ile," alisema, "nilikuwa peke yangu. Nilikuwa najua la kufanya, na nilikuwa peke yangu. Ningejua hivyo, ningembeba nikatoka."

Mtoto alivuta ukosi wa mama yake kwa mkono mzima. Kinyozi akaanza, "Naomba unisa—"

"Usiniombe sasa hivi. Nitakujibu nini? Lete simu."

Akaileta. Mama Pacha aliishika kwa mikono miwili, akaitazama picha ya Shangazi iliyokuwa mbele, akalia hapo kidogo, kilio kifupi cha mtu mwenye mtoto mapajani. Kisha akajiweka msimamizi, akawaongeza wazazi wengine wawili wa zamani, akamwambia binti, "Hatuwezi kumwachia tena mtu mmoja. Mama yako tulimpenda, lakini hapo alikosea, na sisi tulimwachia akosee."

Akabonyeza kurekodi. Aliwatangazia msiba kwa maneno machache, akasema kikundi kitaendelea, akasema mtoto akianguka mara ya pili hajazinduka ni hospitali, na asiulizwe mtu. Habari za aliyekuwa akijibu hakuzigusa.

Kinyozi aliinua uso. Alihisi nafuu, na nafuu hiyo ikamchoma.

"Usidhani nakuficha wewe," alisema Mama Pacha. "Wakijua nyuma ya namba ile kulikuwa na mtu mwingine, hawatamwamini tena yeyote. Na kesho kuna mzazi atahitaji kuuliza. Utakaa nalo wewe, na mimi nitakaa nalo." Alimpa binti simu. "Hii ni yako sasa. Asubuhi tuandikie umeamkaje."

"Na baba?"

Mama Pacha alikuwa anamfunga mtoto mgongoni. Binti alimsaidia kuushika ule mkono usiofunguka usibanwe na kanga. "Baba yako ana simu yake. Akitaka kuingia, aombe kama sisi wote tulivyoomba. Anaandika yeye ni nani, na mwanawe anaumwa nini."

*

Aliandika jioni ileile, kwenye kochi lilelile, kwa sababu binti alikaa mbele yake na hakuondoka.

"Niandike nini?"

"Si amekwambia."

Akaandika kwamba yeye ni kinyozi, mume wa marehemu Shangazi, ana binti anayeumwa. Akamwonyesha.

"Anaumwa nini?" aliuliza binti.

"Si wanajua."

"Sijaona umeandika, baba. Anaumwa nini?"

Nje majirani walikuwa wanaongea, mlango ulikuwa wazi, na ingawa neno lilikuwa la kuandikwa tu, Kinyozi alipunguza sauti kabisa kana kwamba herufi zingesikika. Aliandika: ana kifafa. Alitaka kuongeza "kidogo", alitaka kuongeza "kwa dawa kinatulia", kisha akaacha hivyo, akatuma kwa Mama Pacha.

Jibu lilikuja kabla hajaiweka simu chini.

"Nimeona. Subiri, kama nilivyosubiri mimi."